Magari Mawili ya Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Homa Bay, nilikabidhiwa gurudumu la kupimia barabara, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimelivunja. Ni chombo rahisi: gurudumu moja, mpini mrefu, na kidude kinachohesabu mita kadiri unavyotembea. Nilikuwa na digrii ya uhandisi ambayo wino wake ulikuwa bado unanukia, nikalisukuma gurudumu lile kwa kishindo hadi likatumbukia mtaroni, nami nikalifuata. Nawaandikia ninyi mliobaki ofisini kwa sababu mliniomba, siku ile ya kuniaga kwa keki na soda, niwaachie maarifa. Maarifa sina mengi. Nina makosa machache niliyoyafanya kwa bidii kubwa, na nadhani hayo yatawafaa zaidi.

Aliyenitoa mtaroni alikuwa Odera, msimamizi wa genge la wapaka rangi. Tangu siku hiyo hadi alipostaafu hakuniita kwa jina langu hata mara moja, aliniita Digrii. Digrii, leta chaki. Digrii, umekanyaga kamba. Kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya barabarani, hasa zebra za waenda kwa miguu, na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi mno. Tulipofika mahali ambapo ramani ilisema pachorwe, aliigeuza ndoo tupu ya rangi, akaikalia, akatazama. Nusu saa. Saa nzima. Vijana wa genge walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Mimi nilitembea huku na huko na ramani mkononi, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Siku moja nilimwuliza anatazama nini. Akasema anatazama miguu. Ramani ilitaka zebra ikae mbele ya lango la soko, lakini akina mama wenye beseni za dagaa wa omena kichwani walivukia hatua arobaini chini yake, mahali ambapo mtu fulani alikuwa ameweka jiwe bapa juu ya mtaro. Aliyebeba beseni haruki mtaro. Hilo halikuwa kwenye ramani wala kwenye vitabu vyangu. Odera alichora zebra penye jiwe, mimi nikabaki kuandika ripoti ya kueleza kwa nini. Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi kwa miaka kadhaa: yeye alikiuka ramani, mimi niliomba radhi kwa maandishi.

Alinifundisha mengine ambayo naona yameanza kusahaulika. Lami ifagiliwe na iwe kavu kabisa, si kavu kidogo. Shanga za kioo zinyunyizwe rangi ikiwa mbichi, kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku, la sivyo gizani zebra haitaonekana hata kwa taa kali. Tuta lisilopakwa rangi ni mtego. Na ukitaka kujua kama kivuko kinafanya kazi, usimwulize dereva, mwulize mwenye kibanda kilicho karibu nacho. Dereva hupita tu. Mwenye kibanda hushinda hapo.

Kisha nikahamishiwa Migori. Mnaijua barabara ile: inatoka mpakani, inapita katikati ya mji ikibeba malori ya mizigo, trela za miwa, bodaboda, mikokoteni na watu, na kila mmoja ana hakika kwamba imejengwa kwa ajili yake. Steji ya magari ya Homa Bay ilikuwa upande mmoja, soko upande wa pili, na zebra katikati yake. Niliichukua ndoo yangu nikaenda kukaa, maana angalau hilo nilikuwa nimejifunza. Hakuna aliyeitumia zebra ile. Watu walivuka popote, wakikimbia, wamewashika watoto kwa mikono, na haikupita muda mrefu bila mtu kugongwa.

Wakubwa wangu walisema wananchi hawajaelimishwa. Walitaka tuwachapishie vikaratasi. Mimi nilikaa kwenye ndoo siku nne, na kidogo kidogo nikaona kwamba watu wale walijua sana wanachokifanya. Gari la Homa Bay halikuwa na saa. Lilitoka likijaa, na siku nyingine lilijaa saa mbili, siku nyingine saa tano. Mara nyingi steji ilikuwa tupu, kisha gari likatokea ng'ambo likitafuta pa kugeuza, na hapo kila mtu alikimbia kuwahi kiti. Nani atakumbuka zebra wakati kiti kinaondoka? Niliandika katika daftari langu sentensi ambayo bado naiona nzuri, ingawa ni yangu: mtu anayejua gari la pili linakuja hakimbii.

Basi nikatengeneza ratiba. Gari litoke kila nusu saa, limejaa au halijajaa, na lisimame mahali pamoja tu, hatua chache kutoka kwenye zebra. Kabla ya hapo niliwahesabu abiria siku tatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kama tulivyofundishwa chuo kikuu. Mhadhiri wetu alisisitiza sana jambo hilo: Jumatatu na Ijumaa si siku za kawaida, zitavuruga hesabu, ziacheni. Mwenyekiti wa chama cha wenye magari, Bwana Okeyo, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, alinizungusha wiki nyingi, lakini mwishowe akakubali kujaribu. Tukasimamisha bodi ya mbao yenye saa za magari. Nilizichora zile namba mwenyewe.

Wiki ya kwanza, Jumanne, nilishuhudia jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi mno nyumbani. Watu walifika zebra wakasimama. Lori likapita. Wakavuka wakitembea. Nilimleta mkubwa wangu Jumatano, akapiga picha.

Jumatatu iliyofuata aliingia ofisini mwangu mwanamke mwembamba mwenye miguu iliyovimba, tepu ya fundi ikining'inia shingoni. Jina lake Rosalia. Alikuwa na cherehani yake kwenye veranda iliyo mkabala na steji, akishona sare za shule. Aliketi bila kukaribishwa, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kungoja nikumbuke adabu.

"Ni wewe uliandika ile bodi ya steji?"

Nikakiri, kwa fahari kidogo.

"Imeandikwa vizuri. Jumanne nilifika Homa Bay mapema mpaka nikapata nafasi ya chai. Ijumaa nimesimama chini yake kutoka saa mbili mpaka saa sita, na sikupata gari."

Akanieleza taratibu. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, alipangiwa mashine ya kusafisha damu huko Homa Bay, na akikosa zamu yake maji humjaa mwilini hadi kwenye pumzi. Ijumaa ile, karibu saa nne, gari moja lilikuwa limetokea ng'ambo. Watu wakakimbia. Yeye hawezi kukimbia. Mwanafunzi mmoja wa chuo alianguka katikati ya barabara na bodaboda ikamvunja mguu. Gari likajaa likaondoka, na Rosalia akarudi kwenye cherehani yake akisubiri kuvimba.

Nikamweleza, kwa sauti ninayoitumia kwenye mikutano, kwamba kitaalamu Ijumaa haihesabiwi kuwa siku ya kawaida.

"Na figo zangu zinajua hiyo?"

Nikauliza magari yalikuwa yamekwenda wapi. Alinitazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Injinia, wewe si ni Mjaluo? Ijumaa magari huenda wapi?"

Nilijua. Kila mtu kwetu anajua. Maiti hutoka mochari Ijumaa ili mazishi yawe Jumamosi, na magari hukodiwa alfajiri, hufungwa matawi mbele, hujazwa waombolezaji, hufuatana kwa honi hadi kijijini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda magari hayohayo, Ijumaa nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikiimba. Kisha nikaingia ofisini Jumatatu nikachora ratiba ya nchi ambayo watu hawafi.

"Wafu wanafika kwa wakati," Rosalia alisema akijiinua. "Sisi wagonjwa ndio tunangoja."

Ijumaa iliyofuata nilikaa verandani pake na fomu zangu za kuhesabia. Aliniwekea kiti, akaniambia nisiguse vitambaa. Hadi saa tano magari ya matanga yalikuwa yamepita kwa misafara minne, na bodi yangu nzuri ilisimama pale juu ya vichwa vya watu mia na kitu, ikisema uongo. Nilihesabu waliotembea kwenye zebra na waliokimbia nje yake. Sitawapa namba, fomu zilinyeshewa. Lakini watu wale ndio walewale wa Jumanne. Nyuso nyingine nilizitambua. Hakuna aliyekuwa amesahau elimu yake katika siku tatu. Walichopoteza ni imani kwamba kuna gari linalokuja. Kama mtachukua jambo moja kwenye karatasi hizi, chukueni hilo: usalama wa anayevuka huanzia kwenye saa ya gari, kabla ya rangi na kabla ya tuta.

Nilimwendea Okeyo kumwomba abakize magari mawili kila Ijumaa asubuhi, la saa mbili na la saa tatu. Nilidhani atalalamikia hasara. Hakuigusa hasara. Alivua miwani, akaipangusa muda mrefu.

"Mtu anakuja kwangu amefiwa na baba yake, gari iko, namwambia haiendi. Injinia, siku yangu ikifika, mimi nitazikwa na nani?"

Alikuwa na haki. Kwetu, kumnyima mtu gari la matanga ni kujiandikia upweke. Tukanywa soda. Mwishowe yeye ndiye aliyepata njia, si mimi.

"Niandikie barua. Lakini usiandike kama rafiki. Andika kama serikali. Kali. Mtu akija nitamwonyesha, nitatikisa kichwa, nitasema unaona hawa watu?"

Niliandika barua kali kuliko zote nilizowahi kuandika, yenye mihuri miwili, ingawa mmoja haukuhitajika. Ilikataza magari mawili ya zamu ya steji ya Homa Bay kukodishwa Ijumaa asubuhi kwa shughuli yoyote ile. Okeyo aliifunika kwa plastiki. Nasikia aliisoma mbele ya wafiwa kwa huzuni ya kweli.

Tangu hapo nikawa mtu wa kutajwa kwenye matanga. Wasemaji walisema tungekuwa wengi leo, lakini kuna bwana mmoja pale Migori. Makanga waliniita Injinia wa Walio Hai, na hawakukusudia kunisifu. Mjomba wangu alikataa kunisalimu kwa msimu mzima wa mvua. Lakini Ijumaa saa mbili kamili gari lilitoka, na Rosalia ndani yake, kiti cha nyuma ya dereva, mkoba wa kitambaa magotini. Misukosuko ya kuvuka ikapungua hata siku hiyo, ingawa trela za miwa hazikuwa na habari na barua yangu. Miaka ikapita hivyo. Tulipaka zebra upya kila ilipofifia, tukaongeza tuta, tukapigania taa za barabarani tukapata moja.

Kisha mama yangu akafariki.

Alikuwa mzee, alikuwa ameugua, tulijua. Hata hivyo mtu hajui. Kaka yangu mkubwa, Ouma, alikuja kutoka Nakuru akachukua usukani wa kila kitu: jeneza, hema, ng'ombe, kwaya. Nyumbani kwetu ni upande wa Uriri, na mama alikuwa mochari ya Migori, akipangiwa kutoka Ijumaa. Tulihitaji magari. Wiki hiyo ilikuwa na vifo vingi na magari yote yalikuwa yameshakodiwa, isipokuwa yale mawili.

Okeyo alikuja nyumbani kutoa rambirambi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Ijumaa hiyo nisimtajie habari za barua. Magari yale ni yangu. Nani angeuliza? Ouma, aliyekuwa ameketi kando, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikasema asante.

Ndiyo, nilisema asante. Sitawadanganya kwamba nilisita. Ilikuwa mama, na watu wa kwetu walikuwa wakitazama kuona mtoto wake, mkubwa wa magari, atamleta vipi.

Alhamisi nilikwenda kwa Rosalia kuchukua magauni ya dada zangu. Ndiye aliyekuwa akiyashona, sare ya familia, kitenge cha zambarau. Alikuwa ameyakunja vizuri kwenye karatasi. Alinipa pole, akaniuliza mama alikuwa na miaka mingapi, akasema ni baraka. Nilikuwa nageuka kuondoka aliposema, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwamba amesikia kuhusu magari na nisiwe na wasiwasi juu yake. Alikuwa amepiga simu Homa Bay kuomba asogezewe hadi Jumamosi.

"Wakasema nini?"

"Jumamosi imejaa." Akakata uzi kwa meno. "Si kitu. Nitangoja Jumanne. Mama ni mama."

Miguu yake ilikuwa tayari imevimba, juu ya kanyagio la cherehani. Nilisimama na magauni yale mikononi, nikafikiria kuanzia Ijumaa hadi Jumanne, siku kwa siku, kama mtu anayepima barabara.

Nilikwenda kwa Okeyo nikamwambia barua bado ina nguvu. Kumwambia Ouma kulikuwa kugumu zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama natambua kwamba nimejishughulisha na jambo moja tu katika mazishi haya yote, nalo linamhusu fundi wa nguo. Nikasema natambua.

"Watu watasema mama wa mkubwa wa magari alisindikizwa na lori la miwa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Rafiki yetu mmoja mkulima alituazima lori lake. Tulilifagia tukatandika mabenchi. Dada zangu walipanda na magauni yao mapya ya zambarau, wakiokota maganda ya miwa na kuyatupa nje, wala hawakunisemesha.

Ijumaa tulitoka mochari mapema. Gari la maiti lilitangulia, mimi na Ouma tumekaa mbele na dereva, lori nyuma yetu, na nyuma ya lori pikipiki na magari ya majirani. Honi zililia. Tulipokaribia soko watu walisimama kando ya barabara na kuvua kofia. Msafara wa maiti hausimami, mnajua. Kila mtu hungoja upite, hata ukiwa na magari hamsini. Na gari la maiti likisimama njiani kwetu, watu husema marehemu amekataa jambo, na wazee hulazimika kushuka kumbembeleza.

Nilimwona Rosalia kabla hatujafika. Alikuwa kwenye ukingo wa zebra, upande wa veranda yake, mkoba mkononi, kichwa ameinamisha kwa heshima. Ng'ambo, kwenye steji, gari la saa mbili lilikuwa limeshawashwa. Dereva wake alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe kwa miaka: saa mbili ni saa mbili, usimngoje mtu. Nilitazama saa. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni, msafara wetu ukinyooka hadi darajani.

"Simama," nilimwambia dereva.

Akanitazama akidhani amesikia vibaya. Ouma alinishika mkono.

"Mama hasimami njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka watu waseme nini?"

"Kuna watu wanavuka."

Dereva alimtazama Ouma, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Ouma alimtazama mwanamke yule kwenye ukingo, na nadhani aliiona miguu. Alikaa hivyo kwa muda ambao ulinitosha kujuta. Kisha akaelekeza kidole kwenye zebra, ishara ndogo tu, na gari likasimama nyuma ya mstari mweupe.

Rosalia hakuelewa mwanzoni. Ilibidi dereva ampungie mkono. Akavuka polepole, kama anavyovuka siku zote, akapita mbele yetu akiwa ameweka kiganja kifuani. Nyuma yake wakavuka wengine, mwanafunzi, mwanamke na mtoto, mzee mwenye baiskeli, wote wakitembea. Nyuma yetu honi zilinyamaza moja moja. Nilisikia dada yangu mmoja kwenye lori akiuliza kuna nini. Gari la saa mbili liliwasha taa ya pembeni na kuingia barabarani, nasi tukalifuata hadi njia panda ya nyumbani.

Bado tunaulizwa. Kwenye kila matanga ya kwetu hakosi mtu mmoja wa kukumbusha kwamba mama alikataa kuendelea pale Migori, na kutaka kujua alikuwa na neno gani. Mimi humwacha Ouma ajibu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Huwaambia hakuwa na neno. Kulikuwa na mgonjwa anawahi gari, na mama hakuwa na haraka.